Benchi la Mlangoni

Kama hujawahi kukalia benchi la mlangoni, usiombe. Ni benchi la mbao lililowekwa nyuma kabisa ya ukumbi wa parokia, pale Yeoville, kando ya mlango usiofungika vizuri, na mwezi wa Julai baridi ya Johannesburg hupenya hapo bila kubisha hodi. Anayelikalia haruhusiwi kusema neno mkutanoni. Haruhusiwi hata kupiga makofi. Chai humfikia mwisho, ikiwa imekwisha kupoa, na maandazi huyasikia kwa harufu tu.

Adhabu hiyo hutolewa na Baraza la Kumi na Wawili la jumuiya ya Waswahili, na Baraza hilo halikubuniwa Yeoville. Kila aliyewahi kumpa mkono Papa Damien alikwisha kuambiwa lilikotoka. Lilitoka Kalambwe, kijiji cha misheni juu ya Ziwa Tanganyika, upande wa Kongo, ambako mapadri wa zamani waliwateua wazee kumi na wawili wa kuamua mambo ya kijiji: nani alime wapi, mbuzi wa nani ameingia shamba la nani, nani apige kengele ya asubuhi, nani kampiga mkewe. Miongoni mwa wazee hao, alisema Papa Damien, alikuwemo babu yake, Gaspari Kabezya. Alisema hivyo kwenye ubatizo, akasema kwenye matanga. Siku moja alimweleza hayo fundi bomba aliyekuja kuzibua choo chake, Mzulu wa watu asiyejua hata neno moja la Kiswahili, na yule fundi akaitikia kwa adabu mpaka mwisho.

Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Lakini tusimcheke haraka. Damien alikuwa mlinzi wa jengo moja la ofisi huko Sandton. Miaka kumi na saba alikuwa akiwainulia watu kizuizi cha geti, na katika miaka hiyo yote hakuna mwenye gari aliyemuuliza jina. Mtu akiitwa "wewe pale" siku sita za wiki, siku ya saba atatafuta mahali pa kuwa mtu. Damien alipapata ukumbini, kwenye kiti chenye mikono, akiwa mwenyekiti wa Baraza alilolianzisha mwenyewe kwa mfano wa kwao.

Aliyekuwa akilikalia benchi la mlangoni mwaka huo ni Pitchou, fundi cherehani, mtu wa Likasi, mji wa Kongo. Pitchou alikuwa na vyerehani viwili na mdomo mmoja, na mdomo ndio uliofanya kazi zaidi. Siku ya karamu ya Pasaka alisimama na sahani tupu mkononi akauliza, mbele ya umati wote, imekuwaje wazee wa Baraza wanachokonoa meno wakati watoto wangali kwenye foleni. Aliulizia pale ambapo padri anasikia. Baraza likakaa, likampa miezi mitatu. Kabla hajakwenda kuketi, Pitchou alitupa neno la mwisho: huyo babu wa mwenyekiti, nani alimwona kwenye kiti?

Neno hilo lilimchoma Damien kuliko habari za foleni ya chakula.

Sasa, huyo Pitchou alikuwa na kijana aitwaye Joël, fundi wa friji pale Jules Street, Malvern. Na Damien alikuwa na binti, Carmel, aliyefanya kazi ya kupokea simu za wateja katika benki moja ya Sandton. Vijana hao walikuwa wamependana kwa miaka miwili. Malvern nzima ilijua isipokuwa Damien, ambaye alishangaa tu jinsi friji yake ilivyoharibika mara kwa mara.

Jumamosi moja Joël alikuja nyumbani amevaa shati lililopigwa pasi hata kwenye kola, akaweka kreti ya soda mezani, akasema anaomba ruhusa ili wazee wake waje kubisha mlango, maana ndivyo posa inavyoanza. Brigitte, mama yake Carmel, alikuwa sebuleni akifunga vifungu vya samaki wakavu wa kuuza barabarani. Mikono yake ikasimama.

Damien alimtazama kijana kama anavyomtazama mgeni ambaye jina lake halimo kwenye orodha ya getini.

"Joël, miye sina matata na weye," alisema. "Uko kijana ya kazi. Lakini ukoo ya Baraza haiwezi kupeleka binti kwa mtu ya benchi la mlango. Babu yako alikuwa nani?"

"Alikuwa anatumika kwa reli, papa. Kule Likasi."

"Reli," alisema Damien, kwa sauti ya mtu aliyeambiwa kwamba babu huyo alikuwa mwizi wa kuku. Kisha akaipeleka ile kreti mlangoni mwenyewe, ila chupa moja ilikuwa imekwisha kufunguliwa, na kwa kuwa hakujua la kuifanyia akabaki ameishika mkononi. Joël alishuka ngazi na kreti yake, jirani wa chini akamuuliza kama anauza, na yeye kwa aibu akajibu ndiyo, akamuuzia chupa mbili.

Jioni hiyo Brigitte hakupiga kelele. Alingoja mumewe amalize ugali wake, ndipo akauliza taratibu, "Baba Carmel, huyo muzee Gaspari, weye ulimuona?"

"Alikufa mbele nizaliwe."

"Baba yako alimuona kwa kiti?"

"Baba yangu alisema babu alikuwa mu Kumi na Wawili. Inatosha."

"Haya," alisema Brigitte, akaondoa sahani. Alikuwa ameolewa na mzee Gaspari miaka ishirini na tisa bila kumwona hata picha, naye alikuwa amemchoka.

Carmel hakuwa mtu wa kulia akaacha kazi zimelala. Kabla hata Joël hajaja, alikuwa amemwandikia ujumbe wa simu binamu yake Thierry, karani wa parokia ya Kalambwe, kuomba cheti cha ubatizo. Padri wa Yeoville hafungishi ndoa bila cheti kipya kilichotolewa na parokia uliyobatizwa. Thierry alipekua kabati la ofisi, akakung'uta mchwa, akakipata kitabu cha ubatizo cha mwaka wa Carmel. Nyuma ya kitabu hicho akakuta daftari kubwa lenye jalada la ngozi: Kitabu cha Baraza la Kumi na Wawili, Misheni ya Kalambwe, 1927 mpaka 1938. Akalipiga picha jalada, akamtumia Carmel, akidhani ni kitu cha kufurahisha tu.

Carmel naye akafanya kosa la watoto wema. Akamwonyesha baba, akitumaini kwamba moyo wake ukifurahi utalegea.

Damien aliitazama ile picha ya jalada, akaenda kuvaa koti, akarudi kuitazama tena. Kisha akatoa amri: Thierry apige picha kila ukurasa wenye jina la Gaspari Kabezya, zisomwe ukumbini mbele ya jumuiya yote, na Pitchou awepo kwenye benchi lake asikilize.

Alidhani kurasa zingekuwa mbili, au tatu Mungu akipenda. Baada ya siku nne Thierry aliandika kwamba amemaliza. Zilikuwa arobaini na mbili.

"Arobaini na mbili," alisema Damien. "Mama Carmel, unasikia? Baraza ilikuwa haiwezi kukaa bila yeye."

Wiki nzima alitembea na hesabu hiyo. Alimwambia muuza mboga, akawaambia walinzi wenzake. Alimwambia Filbert, katibu wa Baraza, Mtanzania wa Sumbawanga aliyewahi kuwa mwalimu, ajiandae kusoma kwa sauti maana kazi ni ndefu. Lakini kurasa zenyewe hakuzitazama. Kwao Kalambwe, alisema, Kitabu cha Baraza hakifunguliwi nyumbani. Hufunguliwa mbele ya Baraza lote, na anayekichungulia pembeni ni sawa na mwizi. Hayo nayo aliyasikia kwa baba yake, naye hakuwa mtu wa kuivunja desturi kwa sababu tu ana hamu.

Carmel hakuwa na desturi hiyo. Alizisoma picha zote kwenye treni ya kasi kutoka Sandton. Katika ukurasa wa tatu alianza kucheka. Kufika wa kumi na mbili abiria wa jirani alikuwa amehamia kiti kingine. Alipofika wa mwisho alikuwa analia, na hakujua analilia nini.

Babu Gaspari alikuwemo kweli kila mahali, ila si kwenye kiti. Kurasa arobaini na moja zilikuwa za kesi zake. Mshtakiwa yeye, tena yeye, tena yeye yuleyule. Ukurasa wa arobaini na mbili peke yake ndio uliokuwa na jina lake miongoni mwa wazee Kumi na Wawili.

Siku ya Alhamisi walikaa watatu nyuma ya meza ya samaki ya Brigitte: Carmel, mama yake, na Joël aliyekuja na mikono yenye grisi. Carmel aliwaeleza jambo lilivyo. Akichapisha ukurasa wa mwisho tu na kusema zilizobaki hazisomeki, baba atakuwa amesema kweli mbele ya watu, Pitchou atafungwa mdomo, na Damien atakaa kwenye kile kiti mpaka kiyama, ndoa basi. Akichapisha zote, baba ataaibishwa mbele ya umati alioukusanya mwenyewe.

"Chapisha ya mwisho," alisema Joël. "Miye nitangoja. Sitaki kuoa juu ya aibu ya baba yako."

Brigitte alimtazama kijana huyo kwa muda, akamfungia fungu la samaki bila kumdai. Kisha akamgeukia bintiye.

"Ukimupa ile moja, unamudanganya na kitabu ya babu yake mwenyewe. Mumpe zote, ajichagulie."

Usiku huo Carmel alimfuata baba yake, ambaye alikuwa anang'arisha viatu siku tatu kabla ya mkutano. Akamnyooshea simu. "Papa, soma kwanza. Please. Wewe peke yako."

Damien hata hakugeuza macho. "Kitabu haifunguliwi kwa nyumba."

"Papa, ninakuomba."

"Carmel. Unataka nikuwe mwizi ya kitabu ya babu yangu?"

Basi. Kesho yake Carmel aliingia duka la kuchapisha karatasi, akatoa kurasa zote arobaini na mbili, randi mbili kila moja, akazipanga kwa tarehe na kuzitia kwenye bahasha ya kaki. Alipoibandika gundi, alibonyeza kwa viganja vyote viwili kama mtu anayezuia jeraha.

Jumapili ukumbi ulijaa kuliko Pasaka. Damien alikaa kwenye kiti chake chenye mikono, suti ya kijivu, tai ya zambarau. Wazee wengine kumi na mmoja walikaa pande zake. Nyuma, mlangoni, Pitchou alikuwa amejikunyata ndani ya kabuti, na Joël amesimama karibu naye. Filbert aliirarua bahasha, akavaa miwani, akasoma kwa sauti ya darasani.

"Tarehe nne Machi, 1928. Ameitwa Gaspari Kabezya."

Damien aliwaangalia watu kwa tabasamu. "Ameitwa," aliwaeleza. "Ni kusema walihitaji shauri lake."

"Ameitwa," aliendelea Filbert, "kwa kuwa amesema mbele za watu ya kwamba kengele ya asubuhi hupigwa mapema ili wazee wajue nani angali amelala na mkewe. Akae benchi la mlangoni wiki mbili."

Mtu mmoja alikohoa. Filbert akachukua karatasi ya pili.

"Tarehe ishirini na tano Machi, 1928. Gaspari Kabezya ameingiza mbuzi barazani, akisema mbuzi huyo ndiye aliyeyala mahindi na ahojiwe yeye. Mbuzi amekula karatasi ya katibu. Benchi la mlangoni, wiki nne."

Hapo ukumbi ulianza kutikisika. Kulikuwa na karatasi ya kuiita kofia ya mkubwa wa Baraza kiota cha njiwa. Kulikuwa na ile ambayo Gaspari hakuweza kupewa adhabu mpya kwa sababu ya zamani ilikuwa haijaisha. Filbert alijitahidi kubaki mwalimu, lakini kwenye ukurasa wa tisa sauti ilimponyoka.

"Benchi la mlangoni limevunjika mguu wa kushoto kwa kukaliwa sana. Baraza limeona ya kuwa aliyelikalia ni mtu mmoja. Basi mtu huyo alitengeneze."

Watu walicheka mpaka akina mama wakashikana mabega. Wazee wa Baraza walitazama viatu vyao. Nyani haoni kundule, alinong'ona mmoja, na jirani yake akamkanyaga mguu. Pitchou, ambaye hakuruhusiwa kutoa sauti, alikuwa ametia leso mdomoni na machozi yanamtoka.

Filbert alivua miwani. "Mwenyekiti," alisema polepole, "niendelee?"

Damien alikuwa ameishika mikono ya kiti kwa nguvu. Njia ilikuwepo: angeweza kusema saa imekwenda, chai itapoa. Kila mtu pale angemwelewa, na kila mtu angelisimulia hilo hadi Pretoria. Aliumia waziwazi, uso ukaanguka kama wa mtoto aliyenyang'anywa kitu, na Carmel aliyekuwa kwenye safu ya pili akatamani ardhi immeze.

"Ziko ngapi?" aliuliza Damien.

"Bado thelathini na tatu."

"Soma. Kitabu ikifunguliwa haifungwe katikati."

Filbert akasoma. Kicheko kiliendelea kwa kurasa kadhaa, kisha kikaanza kupungua, maana yule mzee wa vitabuni alikuwa hakomi. Alishtakiwa kwa kuuliza kwa nini mashamba ya mtoni ni ya wazee. Alishtakiwa kwa kuuliza kwa nini mjane wa Anselmi abebe mawe ya kanisa akiwa mgonjwa. Aliadhibiwa, akarudi, akauliza tena. Mtu wa kwanza kuacha kucheka alikuwa Pitchou. Alitoa leso mdomoni, akaikunja, akaitia mfukoni. Alilijua lile benchi. Alijua upepo wake unavyoingia kwenye magoti.

"Ukurasa wa arobaini na moja," alisema Filbert. "Tarehe kumi na saba Aprili, 1938, Pasaka. Gaspari Kabezya amesimama karamuni na sahani tupu, akasema ya kwamba wazee wamekula kwanza na watoto wanalamba sufuria."

Watu hawakumtazama Damien. Walimtazama Pitchou, naye Pitchou akatazama sakafu, kwa mara ya kwanza tangu aijue jumuiya hiyo.

"Na wa mwisho. Tarehe ishirini na nne Aprili, 1938. Baraza limekaa juu ya maneno ya Gaspari Kabezya. Mkubwa wa Baraza ameuliza: Je, tulikula kwanza? Wote wamesema: Tulikula. Basi Baraza limechoka kumwadhibu mtu kwa kusema yaliyo kweli. Mzee Anatoli amekufa na kiti chake ki wazi. Limekatwa shauri: Gaspari akae katika Kumi na Wawili, ili akisema, asemee ndani."

Filbert aliziweka karatasi mezani, akazilinganisha kingo.

Birika la chai lilianza kupiga filimbi jikoni na mtu akakimbia kulizima. Kisha Damien akasimama. Alionekana mfupi kuliko alivyokuwa asubuhi.

"Babu yangu alikuwa mu Kumi na Wawili," alisema. "Sikuwadanganya. Nilikuwa sijue tu ni njia gani alipita."

Alishuka pale mbele, akapita katikati ya ukumbi akiinamisha kichwa, viatu vyake vilivyong'arishwa siku tatu vikilia kwenye sakafu. Wengi walidhani anakwenda nje kujificha, na Brigitte akanyanyuka kumfuata. Lakini alipofika mlangoni Damien alisimama mbele ya benchi.

"Baba Joël," alisema, "sogea kidogo."

Pitchou akasogea. Benchi likalia, likawabeba. Damien aliguna baridi ilipomwingia kwenye magoti, akafunga vifungo vya koti, naye Pitchou bila kumtazama akamfunika paja moja kwa pindo la kabuti lake. Walikaa hivyo, watu wawili wazima, kila mtu ukumbini akiwa amegeuza shingo.

Ndipo Pitchou akainua mkono juu kama mwanafunzi, kwa kuwa muda wa adhabu yake ulikuwa umebakiza wiki moja na yeye hakutaka kuongezewa.

"Sema," alisema Damien.

"Jumamosi nitakuja kwako na ndugu zangu, kubisha mlango. Juu ya mutoto."

Damien alimtafuta bintiye kwa macho katika ukumbi mzima, akamwona, akatazama pembeni haraka kwa sababu macho yalikuwa yanamwasha.

"Mukuje," alisema. "Lakini watoto ndo watakula kwanza."